Kuruka kwa Niaba ya Mkurugenzi

Kuanzia Jumatatu ijayo, unene ndani ya majengo ya Idara ya Mabango na Vibao umesitishwa hadi itakapotangazwa vinginevyo. Watumishi wote watapungua kwa njia ya kisasa, yaani kwa kucheza michezo ya video inayochezwa kwa mwili mzima, mbele ya mashine maalumu, kwa ngazi na kwa nidhamu.

Ndivyo lilivyosema tangazo, nalo lilibandikwa mapokezi, juu kidogo ya tangazo linalokataza kubandika matangazo. Aliyelichapa ni Mama Muhuri, katibu muhtasi wa Mkurugenzi, na kabla hujamuuliza kama alicheka wakati analichapa, jibu ni hapana. Mama Muhuri hachekei nyaraka. Muhuri wa idara unakaa kwenye droo yake, ufunguo wa droo unaning'inia shingoni mwake, na bila yeye kuupulizia pumzi ule muhuri na kuugonga, hakuna kinyozi wala muuza soda katika mji mzima anayeruhusiwa kuandika jina la duka lake juu ya mlango. Kinyozi akija na haraka zake, Mama humtazama juu ya miwani na kumwambia, "Keti, subiri uitwe." Kinyozi huketi, na akili zake zikimtosha, huwa amekuja na chakula.

Sasa, idara ile ina desturi moja ambayo lazima uijue, maana bila hiyo hutaelewa chochote. Mkurugenzi yuko kikaoni. Leo yuko kikaoni, jana alikuwa kikaoni, na ukija kesho utamkosa kwa sababu hiyo hiyo. Kwa hiyo Mama Muhuri husaini yeye, na mbele ya cheo cha bosi wake huandika herufi tatu tukufu: k.n.y., yaani kwa niaba ya. Amesaini kwa niaba, amekwenda mazishini kwa niaba, amepokea zawadi za wageni kwa niaba. Safari moja mke wa Mkurugenzi alipiga simu akiwa amefura kwa hasira, naye Mama akagombezwa kwa niaba, akaomba msamaha kwa niaba, na mambo yakaisha kwa amani.

Siku ya kuutambulisha mpango, Mkurugenzi alitoka kikaoni kwa muda mfupi akasimama mbele ya watumishi. Ni mwanamume wa haiba, mwenye sauti nzuri na tumbo linalomtangulia kuingia mahali.

"Ndugu watumishi," alisema, "Wizara imetuletea mashine. Mashine ina jicho. Ukiruka inakuona, ukikaa inakuona, ukijifanya unaruka inakuona vilevile. Utaanza Ngazi ya Kobe, utapanda Ngazi ya Bata, Mbuzi, Swala, mpaka Ngazi ya Chui. Na likizo, kuanzia sasa, hazitolewi tena na mtu. Mtumishi akifika Chui, mashine yenyewe itatangaza likizo yake. Hakuna cha shemeji, hakuna cha binamu. Mfumo haukosei, jamani, na mfumo hauna shangazi!"

Watu walipiga makofi. Mhasibu, aliyekuwa ameshapanga likizo yake kupitia shangazi yake wa pale Wizarani, alipiga makofi taratibu.

"Na aliye Ngazi ya Kobe," Mkurugenzi aliongeza, "hatatoka ofisini jioni kabla hajamaliza zoezi lake la siku. Mlango wa nje umeunganishwa na mashine. Haumfungukii Kobe."

Mama Muhuri alipiga makofi kuliko wote, kisha moyo ukamlipuka paa. Alikumbuka kwamba na yeye ana likizo aliyokuwa akiisubiri. Binti yake wa pekee, mwalimu wa shule ya msingi katika mji wa mbali, alikuwa na mimba ya kwanza. Mume wa binti yuko baharini, kwenye meli ya mizigo, na meli hairudi kwa sababu mtu ana uchungu. Kila jioni binti alipiga simu kuuliza swali lile lile: "Mama, utakuja lakini?" Na kila jioni Mama alijibu kwamba likizo yake iko wazi kabisa, imeshagongwa muhuri, na muhuri ameugonga mwenyewe.

Akajikaza kisabuni. Kama likizo inataka kuruka, ataruka. Ni nani katika idara ile anayejua kufuata utaratibu kuliko yeye?

Jumatatu asubuhi palikuwa na zoezi la kusajili miili. Chumba cha mikutano kiliondolewa meza, kikapewa jina jipya la Ukumbi wa Mwendo. Ukutani palitundikwa skrini pana, chini yake boksi jeusi lenye jicho la kioo, na sakafuni zulia la mpira lililochorwa nyayo mbili. Vyeo vyote vya idara vilikuwa vimeshaingizwa ndani ya mashine, kila kimoja kikisubiri mwili wake. Aliyesimamia ni Fundi wa Kompyuta, mtu mzima mwenye kipara na upole mwingi, ambaye ameishi salama serikalini kwa kujibu kila swali kwa maneno "kwa mujibu wa waraka."

Simu ya Mama Muhuri iliita. Ni Mkurugenzi, yuko kikaoni.

"Mama, hebu nisajilie hapo. Mimi huku nimebanwa."

"Kwa niaba, bosi?"

"Kwa niaba, kama kawaida."

Basi Mama akavua viatu, akakanyaga zile nyayo, akanyoosha mikono kama alivyoelekezwa. Jicho la mashine likawaka kijani.

"Karibu," ilisema sauti ya kike, laini, yenye adabu kuliko mtu yeyote katika jengo lile. "Taja cheo chako."

"Kwa niaba ya Mkurugenzi."

"Sijaelewa. Taja cheo chako."

"Kwa niaba ya Mkurugenzi!" Mama alipaza sauti, akidhani mashine ina masikio mazito.

"Sijaelewa."

"Mama," Fundi alinong'ona, "mashine hii haina k.n.y. Sema tu Mkurugenzi."

"Nisemeje hivyo bila k.n.y.? Si nitakuwa nimemwibia mtu cheo?"

"Kwa mujibu wa waraka, kila cheo kisajiliwe leo kabla ya saa tisa."

Mama alitazama mlangoni, akatazama darini, akasema kwa sauti ya mtu anayeungama: "Mkurugenzi."

"Karibu, Mkurugenzi," ilisema mashine. "Nimekupima kimo, mabega na mwendo. Nimekujua."

Mama alijisikia vibaya kidogo, na vizuri kidogo, lakini hakuwa na muda wa kuchunguza kipi kimezidi. Alishuka kwenye zulia, akapanda tena ili sasa ajisajili yeye.

"Katibu Muhtasi," alisema kwa heshima zote.

"Karibu tena, Mkurugenzi. Mwili mmoja, cheo kimoja."

Akashuka, akavua miwani, akapanda. "Karibu tena, Mkurugenzi." Akajifunga kitambaa kichwani mpaka kwenye nyusi. "Karibu tena, Mkurugenzi. Umependeza." Fundi alijifanya anatafuta kitu chini ya meza, na mabega yake yalikuwa yanatikisika.

Mkurugenzi alipotoka kikaoni Mama alimweleza yote. Alimkuta akimenya chungwa.

"Ni suala la muda tu, Mama," alisema, akitema kokwa. "Linashughulikiwa. Kwa sasa wewe ruka. Matokeo yangu yanakwenda Wizarani, siwezi kuonekana Kobe mbele ya wenzangu. Na jasho lako si ndilo jasho la ofisi?"

Mama alilifikiria neno hilo. Saini yake ni saini ya ofisi, machozi yake mazishini yalikuwa machozi ya ofisi. Aliona lina mantiki, na hilo ndilo lililomponza.

Siku ya kwanza alipelekwa msituni. Kwenye skrini alitokea mtu mmoja mnene aliyevaa suti na tai, kwa kuwa mashine ilimvisha kila mchezaji kufuatana na cheo chake, na mbele ya huyo mtu kulikuwa na magogo. Mama akiruka, mtu wa tai anaruka. Mama akiinama, mtu wa tai anainama. Mama akifuta pua, kiongozi mzima anafuta pua mbele ya taifa.

"Chuchumaa!" ilisema mashine.

Mama akachuchumaa, na mtu wa tai akachuchumaa naye, tai ikaburura chini. Mama akakaa vile vile muda mrefu kuliko alioambiwa. Alimtazama yule mtu akihangaika kuinuka, na kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe alicheka kazini.

"Inuka, Mkurugenzi," mashine ilisihi. "Zoezi limekwisha."

Chini ya ukumbi ule ndiyo ofisi ya Mhasibu. Mama alipoanza kuruka kamba, vumbi la dari lilimshukia Mhasibu kichwani, kwenye chai, na kwenye hesabu za mwaka. Akapanda ngazi mbio, amefura.

"Jamani! Kuna nini huku juu, mnabomoa?"

"Mkurugenzi anafanya mazoezi," alijibu Fundi.

Mhasibu alichungulia, akamwona Mama Muhuri amevua viatu anatweta, akaona kwenye skrini jina la Mkurugenzi. Alikuwa mtumishi mzoefu. Alijipangusa vumbi, akasema kwa upole, "Mwambieni anaendelea vizuri," na akarudi kwenye chai yake.

Baada ya msitu ukaja mchezo wa ngumi. Mpinzani alikuwa jogoo mkubwa mwenye glavu na dharau. Jogoo yule alimchapa Mama siku ya kwanza, akamchapa ya pili, na kila akimchapa aliwika. Mama alilala na hasira za jogoo. Akiwa jikoni kwake alijikuta anarusha konde la kushoto mbele ya sufuria. Magoti yaliyokuwa yakimlilia kila akipanda ngazi za ofisi yakaanza kunyamaza, na sketi yake ikataka pini kiunoni.

Na kila Ijumaa matokeo yalibandikwa. Mkurugenzi, Ngazi ya Bata. Mkurugenzi, Ngazi ya Mbuzi. Mkurugenzi, Ngazi ya Swala, wa kwanza katika idara. Watumishi walipita mmoja mmoja kumvisha kilemba cha ukoka.

"Bosi, umekwisha! Hata shati linakupwaya."

"Mnaona eh?" Mkurugenzi alisema, akilegeza mkanda tundu moja zaidi. "Ni nidhamu tu."

Ajabu ni kwamba alianza kuamini. Akipanda ngazi alisimama katikati kuhema, akawaeleza waliokuwa nyuma yake kwamba misuli ikishakua huwa inahitaji hewa nyingi. Alitoa hotuba kwa vijana wa mtaa iliyoitwa "Jasho Langu, Maisha Yangu," ambayo Mama aliichapa, akasahihisha tahajia, akaongezea maneno matatu kuhusu jogoo kwa kuwa Mkurugenzi hakumfahamu jogoo.

Halafu binti akapiga simu mchana, saa ambazo hapigi.

"Mama, daktari anasema si mbali. Wiki hii au ijayo. Mama, naogopa."

"Usiogope, mwanangu. Nakuja."

"Lini?"

"Nakuja, nimekwambia."

Alikata simu, akaenda moja kwa moja ukumbini kwa Fundi. Fundi alitafuta cheo cha Katibu Muhtasi kwenye mashine. Kilikuwepo, kitupu, na pembeni yake paliandikwa: hajawahi kuonekana.

"Hajawahi kuonekana!" Mama alisema. "Mimi! Niliyevunja dari la watu!"

"Kwa mujibu wa waraka..." Fundi alianza, akaishia kutazama viatu vyake.

Akaingia kwa Mkurugenzi bila kubisha hodi, jambo ambalo halijapata kutokea.

"Bosi, naomba likizo yangu. Mwanangu anajifungua, yuko peke yake."

Mkurugenzi aliweka kalamu chini kwa huruma ya kweli. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa tu Mkurugenzi.

"Mama, ningekuwa natoa mimi, ungeondoka sasa hivi. Lakini mfumo unasema hujaruka hata mara moja."

"Bosi, unajua nimeruka."

"Mimi najua. Mfumo haujui. Na mfumo haukosei, wewe mwenyewe ndiwe uliyeichapa hotuba yangu."

Mama aligeukia mlango. Akaona vinyozi wote aliowaambia waketi wasubiri waitwe, wamejipanga machoni pake. Akatoka, akaenda ukumbini, akavua viatu akavirusha kule, akamwita jogoo.

Jogoo hakupata nafasi ya kuwika. Alipigwa kushoto, akapigwa kulia, akafuatwa kwenye kona akapigwa humo humo. Mama alikuwa analia na kupiga, na mtu wa tai kwenye skrini alikuwa anapiga kwa ushujaa ambao Wizara haijawahi kuuona kwa kiongozi yeyote. Glavu za jogoo ziliruka. Manyoya yakajaa skrini. Na katika vipaza sauti vyote vya jengo, kuanzia mapokezi mpaka chooni, ile sauti laini ikatangaza:

"Hongera! Mkurugenzi amefika Ngazi ya Chui. Likizo ya Mkurugenzi imekubaliwa."

Jengo zima lilishangilia. Mkurugenzi alitoka ofisini mikono juu, akapepea.

Wizara nayo haikulala. Ijumaa ya wiki hiyo hiyo, ilisema, kiongozi atakuja kumvisha nishani Chui wa kwanza nchini, na kutangaza kwamba mashine zitapelekwa katika idara zote. Chui aonyeshe kidogo uwezo wake mbele ya waandishi wa habari.

"Bosi," Fundi alijaribu kwa sauti ya chini, "siku hiyo labda uumwe."

"Niumwe na nini? Mashine ni yangu, jina ni langu. Nikisimama itanijua tu." Kisha akamgeukia Mama Muhuri, uso umejaa furaha. "Jumamosi naanza likizo. Nimechagua hoteli moja ya ufukweni, nikapumzishe misuli."

"Na mimi, bosi?"

"Wewe si ndiye utakayekaimu?"

Mama aliitikia "sawa" kwa mazoea. Neno lilipokwisha kutoka alilisikia, na lilimchoma. Jioni ile simu ya binti iliita, naye akaitazama ikiita mpaka ikanyamaza.

Ijumaa ikafika. Ukumbi wa Mwendo ulipigwa deki, viti vikapangwa, na chupa ya maji ikawekewa kitambaa. Aliyekuja ni Naibu Waziri, mama mfupi mwenye macho makali, ambaye alianza kwa kueleza kwamba amekuja kwa niaba ya Mheshimiwa Waziri, kwa kuwa Waziri yuko kikaoni.

Mkurugenzi alivaa suti mpya ya mazoezi, nyeupe, yenye mistari ya kijani, na filimbi kifuani ambayo hakuna aliyejua ni ya nini. Alihutubia. Alieleza jasho, alieleza nidhamu, alieleza jogoo. Akamalizia kwa kugonga kifua: "Na niseme wazi mbele ya Naibu Waziri: atakayebishana na mfumo huu, anabishana na Wizara. Mfumo haukosei!"

Makofi. Waandishi wakainua kamera. Mkurugenzi akakanyaga nyayo mbili, akanyoosha mikono.

Jicho la mashine lilimtazama. Lilimtazama tena. Likawaka jekundu.

"Kuna mgeni amesimama kwenye nafasi ya Mkurugenzi," ilisema ile sauti yenye adabu. "Mgeni, tafadhali keti, subiri uitwe."

Mtu mmoja nyuma alikohoa. Alikuwa kinyozi, aliyekuwa amekuja kufuatilia kibao chake akakuta ukumbi umejaa.

"Inatania," Mkurugenzi alisema, akaruka juu mara moja kuithibitishia. Sakafu ilitikisika, na chini kwa Mhasibu kikasikika kikombe kinavunjika.

"Mgeni, tafadhali usiruke ovyo. Unaweza kuumia."

Naibu Waziri aliinamisha kichwa upande, akanong'ona kitu kwa msaidizi wake. Mkurugenzi alianza kutoka jasho, la kwanza la kwake mwenyewe tangu mpango uanze, akageuka kuomba maji. Mama Muhuri akaichukua chupa na bilauri, akamsogezea. Alipopita mbele ya mashine, jicho likawaka kijani, muziki ukalia, na manyoya yakaanza kuanguka kwenye skrini.

"Karibu, Mkurugenzi! Karibu, Chui wetu! Leo tuanze na jogoo?"

Ukumbi mzima ulipigwa na butwaa. Mama alisimama pale na bilauri mkononi, na kwenye skrini mtu wa tai alisimama naye, ameshika hewa.

"Mkurugenzi," alisema Naibu Waziri taratibu, "nisaidie kuelewa. Mfumo umekosea?"

Mkurugenzi alifungua mdomo. Akiitika, basi mashine ya Wizara ni mbovu, ahadi ya kuipeleka katika idara zote ni mbovu, na hotuba aliyoitoa sasa hivi bado ina joto. Akikataa, basi yeye ni mgeni.

"Hapana, Mheshimiwa. Mfumo haukosei."

"Basi Chui ni nani?"

Watu wote wakamtazama Mama Muhuri. Mkurugenzi pia alimtazama, kwa macho yale ya kila siku, macho ya "nisaidie hapo, mimi nimebanwa." Alichotakiwa Mama ni kitu kidogo tu. Aseme mashine imeharibika asubuhi. Aseme yeye ndiye aliyeigusa. Amewahi kuomba msamaha kwa makosa makubwa kuliko hayo.

"Mimi, Mheshimiwa," alisema. "Kwa niaba."

"Kwa niaba ya nani?"

Mama akaiweka bilauri chini, taratibu, ili isimwagike.

"Nilianza kwa niaba ya Mkurugenzi. Lakini magoti yaliyouma ni yangu. Na mtoto anayejifungua huko peke yake ni wangu, Mheshimiwa, si wa ofisi. Hiyo likizo nimeitolea jasho, naitaka."

Kinyozi alipiga kofi moja, akagundua yuko peke yake, akaendelea kupiga hivyo hivyo mpaka wengine wakaungana naye.

Naibu Waziri alikuwa mtu wa utaratibu. Alifikiri kwa makini, maana alikuwa ametumwa kwa niaba na asingependa kurudi na aibu kwa niaba. Kisha akatoa uamuzi, na waandishi wakauandika.

"Cheo cha kiutumishi kinabaki kilipo. Lakini likizo imetolewa na mfumo, na mfumo umeitoa kwa mwili uliofanya kazi. Likizo itafuata mwili. Nishani pia. Mama, njoo uvae. Na huyu mgeni, kwa kuwa yupo tayari na ameshavaa, asajiliwe sasa hivi, waandishi wapige picha."

Mkurugenzi akakanyaga nyayo upya.

"Karibu, mgeni," ilisema mashine. "Taja cheo chako."

"Mkurugenzi."

"Cheo hicho kina mwenyewe. Chagua kingine."

"Mimi ndiye Mkurugenzi!"

"Sijaelewa. Chagua kingine."

Fundi alitazama skrini kwa muda. "Kwa mujibu wa waraka," alisema kwa upole wake wote, "cheo kilichobaki kitupu ni kimoja, bosi."

Mkurugenzi alimtazama Naibu Waziri, Naibu Waziri alitazama saa. Ndipo alipofumba macho, akasema kama mtu anayeungama:

"Katibu Muhtasi."

"Karibu, Katibu Muhtasi. Nimekupima kimo, mabega na mwendo. Nimekujua. Uko Ngazi ya Kobe. Chuchumaa!"

Mama Muhuri hakusubiri kuona. Alikusanya mkoba, akatoa muhuri kwenye droo, na pale mapokezi akagonga kibao cha kinyozi muhuri wake wa mwisho kabla ya safari, wala hakumwambia aketi. Muhuri na ufunguo akamwachia Fundi. Mlango wa nje ulimfungukia kabla hajaugusa.

Alifika kwa binti jioni ya siku ya pili. Binti alikuwa mlangoni ameshika kiuno, na alipomwona mama yake na begi na nishani shingoni alianza kulia na kucheka. Kabla kahawa ya asubuhi haijachemka, mjukuu alikuwa amefika, msichana, mwenye sauti ya kuamsha mtaa.

Siku chache baadaye, jioni, Mama akiwa amemlaza mtoto begani, simu iliita. Upande wa pili mtu alikuwa anahema.

"Mama Muhuri? Mimi... ni mimi, Mkurugenzi. Jengo zima wameondoka. Mlango umekataa kunifungulia. Nimeruka magogo, nimeinama, bado kuna... kuna jogoo huyu."

"Pole, bosi. Ana kushoto kubaya."

"Mama, nakuomba. Rudi siku moja tu. Uruke kidogo, kwa niaba yangu, nipande hata Bata!"

Kwa nyuma ilisikika ile sauti laini: "Katibu Muhtasi, ongeza bidii." Halafu jogoo akawika.

Mama alimpapasa mjukuu mgongoni mpaka akacheua.

"Ni suala la muda tu, bosi," alisema. "Linashughulikiwa."

Akazima simu, akamhamishia mtoto bega la pili.